Moshi wa Balad 2008, sikuwahi kuripoti mgonjwa hata siku moja, sasa nathibitishaje?

Mzigua_wa_Tanga

Habari zenu ndugu zangu, hasa nyie mliopita jeshi la Marekani. Naandika Kiswahili makusudi kabisa, maana haya mambo nimejaribu kuyaeleza kwa Kiingereza naona hayatoki kama yalivyo.

Mimi mtoto wa Tanga, nilikuja huku na grinkadi, 2006 nikaingia jeshini, dereva wa malori. 2008 tukapelekwa Iraq, Balad, ile kambi kubwa kaskazini ya Baghdad wengine mkiita Anaconda. Mliokuwepo mnalijua lile shimo la kuchomea taka, kama ekari 10 hivi, linawaka usiku na mchana halizimwi. Kila kitu kinaingia mle, chupa za maji za plastiki maelfu kwa maelfu, sahani za kulia, matairi, betri, rangi, makopo, taka za hospitali, halafu linamwagiwa mafuta ya ndege ndo liwake vizuri. Mimi miezi mitatu nilipangiwa kupeleka taka pale, unarudisha lori nyuma mpaka ukingoni, joto linakupiga usoni, unamwaga unaondoka, baada ya lisaa unarudi tena. Hatukupewa kitu cha kuziba pua zaidi ya kitambaa chako mwenyewe.

Moshi naujua mimi. Tumekua na moshi wa makumbi jikoni kwa mama, macho yanachuruzika lakini ukitoka nje unapumua unasahau. Ule wa Balad haukuwa moshi wa aina hiyo, ulikuwa unalala chini asubuhi kama ukungu, mweusi, unaingia kwenye mahema na kwenye chakula, ukipenga kamasi zinatoka nyeusi, na kikohozi kila mtu alikuwa nacho kwahiyo hakuna aliyekiona ugonjwa. Nani aende kwa daktari kwa kikohozi wakati kuna watu wanarudi hawana miguu? Sikuripoti mgonjwa hata siku moja, na nilikuwa najivunia hilo.

Nilitoka jeshini 2010. Nikaanza kuchoka kwenye ngazi nikasema ni unene. Mafua hayaishi nikasema ni baridi ya huku. 2017 nikapelekwa hospitali usiku pumzi imekata, wakasema pumu, wakanipa inhela, daktari mmoja akaniambia pumu ya ukubwani hutokea tu usiwaze sana. Sijawahi kuwa na pumu utotoni, kwetu hakuna mwenye pumu. Saa hivi nina miaka 44 na siwezi kucheza mpira na mwanangu dakika kumi, nakaa pembeni namwangalia.

Mke wangu ndo amenisukuma, anasema fungua klemu ya fidia VA, ile idara ya serikali ya maveterani. Nikaenda kuomba mafaili yangu ya jeshini, yamekuja, nimeyasoma yote. Hakuna neno moshi. Hakuna neno kikohozi. Ile karatasi ya kurudi kutoka vitani waliyotujazisha tukiwa na haraka ya kwenda nyumbani kila mahali nimeweka hapana, hapana, hapana. Kwa mwandiko wangu mwenyewe. Sasa naanzia wapi? Naomba mliopitia hii njia mniambie kweli tupu.

---

Mediki_wa_Killeen

Pole sana kaka. Mimi ni Mkenya, nilikuwa mediki, nimeenda Iraq mara mbili na nimepitia hiyo process yote kwa klemu yangu mwenyewe na nimesaidia watu wetu kadhaa hapa Texas. Nitakuandikia refu kidogo so keti chini.

Kwanza hiyo karatasi ya hapana hapana isikukoseshe usingizi. Mimi ndio nilikuwa nashika hizo karatasi, nilikuwa naona vijana wanakohoa mbele yangu wakiandika hapana kwa sababu mtu alishaambiwa ukiandika ndio utabaki hapa wiki mbili unafanyiwa vipimo wenzako wakienda kuona watoto wao. Hata hao wa VA wanajua vile hizo karatasi zilijazwa.

Pili na hii ndio kubwa, tangu 10 Agosti 2022 mambo yalibadilika. Ile sheria ya PACT, ile imepewa jina la Sajini Heath Robinson wa Ohio aliyekufa na kansa ya mapafu 2020, inasema hivi: kama ulihudumu Iraq wakati wowote kuanzia 2 Agosti 1990, na umepatikana na moja ya magonjwa yaliyo kwenye orodha, serikali inachukulia kwamba huduma yako ndio ilileta. Hutakiwi kuthibitisha moshi. Hutakiwi kutafuta daktari aseme ni ule moshi. Pumu iliyogunduliwa baada ya kutoka jeshini iko kwenye orodha. Sainasi sugu iko, na yale mafua yako yasiyoisha pia yako, bronkaitisi sugu iko, COPD, ule ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, iko, sakoidosisi, ile ya vivimbe vidogo kwenye mapafu, iko, mapafu kufanya makovu iko, na kansa nyingi tu, ya kongosho, ya figo, ya ubongo, ya njia ya hewa, limfoma, na Januari 2025 wakaongeza za damu kama lukemia na mailoma. Kwa hiyo wewe kazi yako ni kuonyesha vitu viwili tu, kwamba ulikuwa Iraq, na kwamba una huo ugonjwa. Mengine yote ni kuonyesha vile unakuumiza.

Kwa kuonyesha ulikuwa Iraq angalia DD-214 yako, ile hati ya kutoka jeshini, kama imeandikwa Iraq au medali ya kampeni ya Iraq. Kama ulikuwa rizevu, yaani jeshi la akiba, na haijaandikwa vizuri, tafuta oda zako za kusafiri, hati za mshahara za miezi hiyo zinaonyesha ile pesa ya hatari, ripoti za utendaji zako za mwaka, hata cheti cha shukrani wanachogawa mwisho.

Sasa fanya leo hii, si kesho. Tuma taarifa ya nia ya kufungua klemu, fomu 21-0966, unaweza kwa intaneti au kwa simu. Inakupa mwaka mzima wa kutayarisha klemu yenyewe, na ukikubaliwa malipo yanahesabiwa toka siku uliyotuma hiyo nia. Nimeona watu wanakusanya karatasi miezi minane ndio wanaanza, hiyo miezi minane imeenda hivyo. Klemu yenyewe ni 21-526EZ.

Kuna kitu watu wanachanganya sana. Lile daftari la VA la watu waliokaa karibu na mashimo ya moto, lile la toka 2014, SI KLEMU. Kuna mzee mmoja nilimkuta alijiandikisha mle akakaa miaka sita akingoja barua. Kutoka 2024 wanakuingiza wenyewe kama rekodi za jeshi zinaonyesha ulikuwa huko, lakini hata ukiwa mle ndani hakuna mtu atakulipa au kukuita. Ni ya utafiti. Na ukiwa VA kwa matibabu waambie unataka ile skrini ya sumu, ilianza Novemba 2022, ni maswali ya dakika tano kumi, majibu yanaingia kwenye faili lako. Hapo ndipo neno moshi litaingia kwenye karatasi kwa mara ya kwanza.

Halafu andika maelezo yako mwenyewe. Usiandike "kulikuwa na moshi mwingi". Andika kama ulivyotuandikia hapa, lori linarudi nyuma, kamasi nyeusi, kitambaa. Tafuta wawili watatu mliokuwa nao waandike pia, fomu ni 21-10210, mtu yeyote anayekujua anaweza kuijaza, hata mke wako aandike vile unalala, unaamka mara ngapi, mito mingapi. Huyo ndio shahidi anayejua mengi kuliko daktari.

Na tafadhali usimlipe mtu. Kuna kampuni zinakupigia simu zinasema zitachukua sehemu ya pesa yako. Kwa klemu ya kwanza hakuna mtu anaruhusiwa kisheria kukutoza kuitayarisha. Nenda kwa afisa wa maveterani wa kaunti yako au vyama vya maveterani kama American Legion, VFW, DAV, wana watu waliosajiliwa na ni bure.

Kitu cha mwisho na hiki ni chetu sisi. Siku ya kuonwa na daktari wa VA atakuuliza uko aje leo. Kaka, usijibu "nzuri". Najua imetutoka kwenye damu, mtu amefiwa jana ukimsalimia anajibu nzuri ndio baadaye anakwambia habari. Mimi nilijibu hivyo. Niliingia nikasema niko sawa namshukuru Mungu, yule daktari akaandika nilivyosema, na nikapewa asilimia ya ulemavu, ile inayoamua malipo, kama ya mtu asiyeumwa na nikapigana mwaka mmoja kurekebisha hilo neno moja. Mwambie siku yako mbaya iko vipi.

---

Pumzi_RT

Dada hapo juu amemaliza karibu yote, mimi naongeza upande wa vipimo kwa sababu ndio kazi yangu, napima watu mapafu hospitalini huku Minnesota, na maveterani wanakuja wengi.

Mzigua, kile kipimo cha kupuliza kwenye mrija ndicho kitakachoamua mengi. Omba kipimo kamili, siyo kile cha kupuliza tu mara tatu uende, kiwe na kabla ya dawa na baada ya dawa, na kile cha kuona gesi inavyopita kwenda kwenye damu. Uliza kabla kama uache inhela asubuhi hiyo au la, usiamue mwenyewe. Na kama unatumia inhela kila siku hakikisha imeandikwa hivyo na famasi wana rekodi ya kila chupa uliyochukua, maana kwa jedwali wanalotumia VA kwa pumu, kutumia inhela kila siku peke yake kunakuweka kwenye asilimia 30 hata kama namba za kipimo siku hiyo zimetoka nzuri. Watu wengi wananunua kwa pesa mfukoni, wanaazima ya mtoto, mwisho wa siku kwenye karatasi inaonekana hawaumwi.

Sasa kuna jambo naomba mlielewe vizuri. Kuna watu wanapuliza wanatoka vizuri kabisa, picha ya kifua safi, CT safi, na bado hawawezi kupanda ngazi. Sio waongo. Mwaka 2011 madaktari wa Vanderbilt kule Tennessee walichapisha kwenye New England Journal of Medicine habari za wanajeshi 80 wa Fort Campbell waliorudi Iraq na Afghanistan wanaishiwa pumzi. Hawa walikuwa vijana waliokuwa wanakimbia maili mbili vizuri kabla hawajaenda, wakarudi wanafeli mbio. Vipimo vya kawaida vya wengi wao havikuonyesha kitu cha maana. 49 wakakatwa kipande cha pafu kikaangaliwa kwa darubini, wote wakakutwa na kasoro, na 38 kati yao walikuwa na bronkiolaitisi ya kubana, yaani vile vijia vidogo kabisa vya hewa vimefanya kovu vimesinyaa. Wengi wa hao walikuwa kwenye moshi wa mgodi wa salfa wa Mishraq karibu na Mosul, uliowaka karibu mwezi mzima 2003. Huo ugonjwa nao uko kwenye orodha ya PACT.

Simwambii mtu akimbilie kukatwa pafu, ni upasuaji wa kweli huo, zungumza na daktari wa mapafu kama majibu yatabadilisha matibabu yako. Ninachosema ni kwamba ukiambiwa "vipimo vyako viko sawa" usirudi nyumbani ukajilaumu. Omba kipimo cha mazoezi, watakupandisha kwenye mashine utembee wakiangalia oksijeni. Na weka daftari. Tarehe, ulikuwa unafanya nini, ulisimama wapi kuvuta pumzi. "Jumamosi nimebeba mifuko ya duka toka gari mpaka mlangoni nikakaa kwenye ngazi." Daktari wa mapafu akisoma mistari kama hiyo ya miezi mitatu anaelewa zaidi ya ukimwambia nachoka.

---

Afande_Lamu

Samahani naingilia. Mimi nilikuwa Manda Bay, Kenya, upande wa Wamarekani, 2016. Tulikuwa tunachoma taka pia. Kenya iko kwenye hiyo orodha?

---

Mediki_wa_Killeen

Afande, Kenya haimo. Waliohesabiwa toka 2 Agosti 1990 ni Iraq, Kuwait, Saudi Arabia, Bahrain, Qatar, Oman, Emirates na Somalia. Waliohesabiwa toka 11 Septemba 2001 ni Afghanistan, Djibouti, Misri, Jordan, Lebanon, Syria, Uzbekistan na Yemen. So angalia oda zako kama uliwahi kupelekwa Djibouti au kuvuka kwenda Somalia, watu wa Manda wengi walizunguka hizo sehemu. Kama hukutoka Kenya klemu bado unaweza kufungua lakini hapo unarudi njia ya zamani, unahitaji daktari aandike kwamba kuna uwezekano nusu kwa nusu au zaidi kuwa ule moshi ndio chanzo. Picha za hilo shimo na wenzako waliokuwepo zitakuwa na uzito sana kwako kuliko kwa Mzigua.

Na kwa wote wanaosoma kimya kimya, kama ulikataliwa kabla ya 2022 rudi, fomu 20-0995, sheria mpya inatosha kuwa sababu.

---

Mzigua_wa_Tanga

Dada Mediki nimetuma hiyo nia leo leo, nimepiga simu na mke wangu amekaa pembeni. Mungu akulipe.

Nina swali. Nilikuwa namwandikia mama imeili, yeye hajui kompyuta, dada yangu ndo alikuwa anaenda intaneti kafe mjini anaziprinti anamsomea nyumbani. Nimekumbuka usiku kwamba nilikuwa nawaelezea kuhusu moto ule. Zile zinaweza kuwa ushahidi, za Kiswahili? Tatizo jingine nimefungua moja niliyobaki nayo kwenye boksi la zamani, inaanza "mimi mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu nyinyi mlio mbali na upeo wa macho yangu". Sasa si nimejimaliza mwenyewe hapo, nimesema mzima wa afya Julai 2008?

---

Mediki_wa_Killeen

Haujajimaliza. Kila barua ya Kiswahili tangu babu zetu inaanza hivyo, hata ya mtu aliyelazwa. Tafsiri imeili yote, usikate sehemu, aliyetafsiri aandike jina lake na asaini kwamba anajua lugha zote mbili na ametafsiri sawasawa. Sio wewe, mtu mwingine. Halafu kwenye maelezo yako weka mstari mmoja kwamba huo ni mwanzo wa desturi wa barua kwa mzazi. Kitu kilichoandikwa 2008 kina nguvu kuliko kile unachokumbuka leo, kwa sababu 2008 hukuwa na klemu wala sheria haikuwepo, ulikuwa tu unamweleza mama yako.

---

Mnara_namba_nne

Ndugu zangu nimesoma hapa siku mbili bila kuandika. Mimi ni Mganda, Kiswahili changu ni cha jeshini mnisamehe pale nakosea. Nilikuwa askari mlinzi Balad, si mwanajeshi wa Amerika, sisi tuliletwa na kampuni, Waganda tulikuwa wengi sana, tulisimama kwenye minara na kwenye mageti na kwenye mlango wa kantini. Mnara wangu ulikuwa upande ule moshi unakuja. Saa kumi na mbili kwa siku. Mwaka wa kwanza na wa pili.

Mzigua mimi nakukumbuka si wewe kwa sura lakini malori yale nayakumbuka, yalikuwa yanapita chini ya mnara.

Nilirudi Jinja na kikohozi, wakanitibu TB miezi sita bila TB kuonekana. Baadaye wakasema ni pafu limekwisha kama la mvuta sigara na mimi sijavuta sigara maisha yangu. Wenzangu wawili tuliokuwa nao wameshakufa, mmoja alikuwa anapumua kama mtu anazama. Kampuni ilibadilisha jina, ofisi ya Kampala haipo. Sina DD yoyote ile mnayosema, nina beji tu ya kambi na karatasi ya kwanza ya mkataba. Hii VA inaweza kunisikia?

---

Karani_wa_mawakili

Mzee wa mnara pole sana, na pole kwa wenzako.

VA haitakusikia, hiyo ni ya wanajeshi. Lakini una sheria yako. Inaitwa Defense Base Act, iko tangu 1941, inawahusu wafanyakazi wa kampuni kwenye kambi za Marekani nje ya nchi, na haiangalii uraia. Mganda, Mkenya, Mnepali, wote. Inasimamiwa na Wizara ya Kazi ya Marekani na anayelipa ni bima ya kampuni iliyokuajiri. Kampuni kubadilisha jina haifuti bima iliyokuwepo mwaka ule, wizara ndio wanaweza kumtafuta mwenye bima.

Fomu ya madai ni LS-203. Sasa sikiliza vizuri suala la muda, kwa ugonjwa wa kazini unaojitokeza polepole ni miaka miwili, lakini haihesabiwi toka ulipotoka Iraq, inahesabiwa toka siku ulipojua au ulipotakiwa kujua kwamba ugonjwa unatokana na ile kazi na umekuzuia kufanya kazi. Kwa hiyo karatasi muhimu kuliko zote kwako ni ile ya daktari wa kwanza aliyeandika kuunganisha mapafu yako na moshi, na tarehe yake. Kama hakuna daktari aliyewahi kuandika hivyo, nenda na historia yako ya kazi imeandikwa umpe. Faili la TB nalo tafuta, lile linaonyesha ulianza kuumwa lini na kwamba TB haikuwahi kuonekana.

Beji ipige picha mbele na nyuma. Mkataba kila ukurasa. Kama una pasi ya kusafiria ya zamani yenye mihuri usiitupe. Majina ya wote mliosimama mnara mmoja yaandike leo na namba zao, ikiwezekana wawili waape mbele ya kamishna wa viapo hapo Jinja, na familia za wale wenzako wawili waambie, wajane wana haki zao chini ya sheria hiyo hiyo. Wakili wa mambo haya halipwi na wewe mwanzoni, ukishinda mara nyingi analipwa na upande wa bima na lazima malipo yake yaidhinishwe. Akikuomba pesa ya kufungua faili ondoka.

---

Mama_Neema_Ohio

Nimeomba nijizuie nisiandike nimeshindwa. Mume wangu alikuwa Mkenya wa Kisii, aliingia jeshini hapa, akaenda Afghanistan. Alikufa 2021 kwa kansa ya kongosho, alikuwa na miaka 41. Hakuwahi kuniambia habari za moshi hata siku moja. Nilikuja kujua kwenye mazishi, mwenzake mmoja ananiambia shemeji sisi tulikuwa tunalala mita mia mbili toka pale, jamaa yako alikuwa zamu ya kukoroga ule moto kwa chuma. Miaka yote kumi ya ndoa sijui.

2022 sheria ilipokwama Senati mwezi wa saba wale maveterani wakalala kwenye ngazi za bunge usiku na mchana kwenye jua na mvua mpaka ikapita tarehe 2 Agosti, kura 86 kwa 11, mimi nilikuwa naangalia kwenye simu nikiwa kazini nalia wenzangu hawajui nalilia nini. Nilifungua madai ya mjane, wakaniuliza nilete maelezo. Maelezo gani sasa. Nikampigia yule mwenzake, akajaza ile fomu 21-10210, akaweka picha mbili alizokuwa nazo, mume wangu anaonekana nyuma kabisa na kile chuma mkononi. Madai yalikubaliwa. Picha ile nimeifremu lakini Neema ameniomba niitoe sebuleni kwa hiyo iko chumbani kwangu.

Mzigua nakuomba kama dada yako, huyo mwanao unayemwangalia akicheza mpira mkalishe umwambie ulikuwa unafanya kazi gani kule, na mkeo umwambie. Wasije kuambiwa na mtu mwingine.

---

Mnara_namba_nne

Mama Neema pole. Karani asante, nimeandika majina tisa, saba nina namba zao. Kesho naenda kwa daktari na hiyo historia.

Mzigua kama unataka mtu wa kusema kwamba malori yalipita na moshi ulikuwa vile, mimi nitaandika. Niliona kila siku kutoka juu.

---

Mzigua_wa_Tanga

Mzee wangu wa mnara nakuandikia pembeni saa hii hii, na mimi nitakuandikia wewe, nitasema minara ile ilikuwa wapi na upepo ulikuwa unaelekea wapi, kwa sababu mimi nilikuwa chini nikiangalia juu na nilikuwa najiuliza hawa watu wanapumua vipi kule.

Mama Neema nimekusikia. Jana usiku nilimwambia mke wangu habari ya shimo mpaka saa nane. Mtoto nitaongea naye Jumapili.

Afisa wa kaunti amenipa nafasi Jumanne saa nne asubuhi. Maelezo yangu yamefika kurasa mbili, Pumzi nimeanza na daftari pia, leo mstari wa kwanza: nimefunga kamba za viatu nikakaa.

Kuhusu imeili. Dada kanipigia kutoka Tanga. Mama hakutupa hata moja. Zote kazifunga kwa kamba ya mkonge kwenye mkoba wa plastiki, ziko kabatini chini ya sahani za wageni, kumi na moja kwa hesabu yake. Amenisomea moja kwenye simu, ya Agosti 2008. Baada ya salamu zote nimeandika hivi: "Mama hapa kuna moto hauzimwi, usiku hewa inanuka kama mtu kachoma ndoo na viatu pamoja, nikiamka asubuhi nakohoa mpaka natapika lakini usiwe na wasiwasi." Sikuwa nakumbuka kabisa kama niliwahi kutapika.

Karatasi zimepauka kidogo. Dada anasema atazipiga picha kesho mchana nje barazani, mwanga ukiwa mzuri, moja moja.